Herufi Zisizoshikana

Shuleni, 6 Juni

Mama Chiriku,

Jana langoni uliondoka kabla sijamaliza, na pengine ni vizuri, kwa sababu mbele ya watoto nisingeweza kusema yote. Karatasi ya lugha ya mwanao nimeisoma mara mbili. Majibu yake ni sahihi karibu yote, na lile la ufahamu nisingeliandika vizuri kuliko yeye. Lakini ameyaandika kwa herufi za kutengana, moja moja, na kanuni ya shule yetu unaijua: kuanzia darasa la nne, karatasi isiyoandikwa kwa mwandiko wa kuunganisha haisahihishwi. Nimempa sifuri. Akipata nyingine kwenye mtihani wa Oktoba, atarudia darasa.

Nimekaa naye wakati wa mapumziko. Akijaribu kuunganisha, herufi zinatatana kama uzi, vidole vinakakamaa, mwisho anaweka penseli chini na kuniangalia. Mtoto aliyeitwa Chiriku kwa sababu hanyamazi, siku hizi ananijibu kwa kichwa tu.

Kamati ya shule itakaa mwanzoni mwa Oktoba kuamua kama kanuni ibaki au iondoke. Wazazi wengi wameichoka. Shida ni Mwenyekiti. Ofisini kwake bado ametundika chati ya herufi aliyoiandika babu yako enzi akifundisha hapa, na kila tukigusa habari hii yeye huinyooshea chati kidole. Anasema mtu aliyefundishwa na yule mzee hawezi kushabikia uvivu. Nadhani neno moja la babu yako lingefanya kazi kuliko kelele zetu sote. Huwezi kumwandikia?

Mwalimu wa darasa la nne


Kiwandani, 9 Juni

Mume wangu mzee,

Shikamoo. Nakuandikia juu ya meza ya kukunjia mashuka, hapa kwenye kiwanda cha kufulia, huku mashine kubwa ikizungusha mzigo wa hoteli. Ukiona karatasi ina unyevu usijipe sifa ukadhani nimelia kwa kukukumbuka. Ni mvuke.

Kwa kuwa masikio yako na simu havielewani tena, nakuuliza kwa kalamu. Kuna mtoto wa jirani yangu, anasoma darasa moja na Chiriku, kwenye shule yako ile ile. Majibu anayajua, ila kuunganisha herufi kumemshinda kabisa. Amepewa sifuri, na mwezi wa kumi huenda akaambiwa arudie darasa. Kamati itaijadili hiyo kanuni. Wewe ungekuwa mwalimu wake ungefanya nini? Na kwa maoni yako, shule za leo bado zifundishe mwandiko wa kuunganisha, wakati sisi watu wazima tunaandika kwa kidole gumba?

Mwandiko wa barua yako ya mwisho umenitia wivu. Hata herufi moja haijatetereka. Wazee wenzako wanashindwa kushika kikombe, wewe bado unachora mikia ya g kama kijana anayeposa.

Chiriku anakusalimu. Shuleni anaendelea vizuri.

Mkeo wa kujitolea,
Mjukuu wako


Chumbani, 27 Juni

Bi mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako ilifika na harufu ya sabuni. Nimeisoma dirishani, juu ya karakana ya baiskeli. Fundi wa chini alikuwa anajaza upepo kwenye tairi lililozeeka, likawa linampumulia usoni, naye analisema kama mtu anayemsema shemeji yake.

Unaniuliza mimi kama mwandiko wa kuunganisha ufundishwe. Ungemuuliza tu muuza maji kama watu wana kiu. Herufi za kutengana ni mtu anayeruka madimbwi: anafika, lakini itazame suruali yake. Anayeunganisha anatembea. Wazo linaongozana naye barabara nzima, halisimami kumsubiri kila hatua. Ndiyo maana nilikuwa nawaambia wanafunzi wasinyanyue kalamu mpaka neno liishe. Mnaoandika kwa kidole gumba nawaheshimu, lakini hamna mwandiko, mna vidole tu.

Na kuna jambo jingine, ambalo labda halihusu shule. Tangu nilipohama nimeishi kwenye vyumba vya watu, kwa lugha ya watu. Maofisa wameniomba karatasi za kila rangi kuthibitisha kwamba mimi ni mimi. Nyumba niliiacha, vitabu niliviacha, kaburi la bibi yako nililiacha. Mwandiko ndio mzigo pekee niliovuka nao mpaka bila mtu kuukagua. Usishangae nikiutetea.

Kwa hiyo mwambie jirani yako aache huruma ya bei rahisi. Amwekee mtoto mistari, amkalie kila jioni. Nimefundisha watoto wenye vidole kama vigingi na wote waliunganisha. Mtoto anayesema hawezi, mara nyingi hajakaliwa.

Chiriku wetu sina shaka naye, ile ni damu yangu. Mbona haniandikii? Mwambie alete mistari miwili kwa mkono wake nami niitundike hapa.

Mwandiko unaousifu ni matunda ya mazoezi ya muda mrefu. Sina la kuongeza hapo.

Babu yako


Nyumbani, 14 Julai

Babu,

Shikamoo. Nimefanya kosa, na nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwingine.

Barua yako nilimpa mwalimu wa darasa la nne ampelekee Mwenyekiti. Nilifikiri akisoma yale ya mpaka na mzigo usiokaguliwa moyo wake utalainika, halafu tumwombe amhurumie yule mtoto. Sehemu ya mtoto wa jirani niliikunja ndani. Mwenyekiti alisoma, akafurahi, akaenda kuibandika kwenye ubao wa matangazo langoni. Chini yake ameandika kwa wino mwekundu: "Mwandishi ana miaka themanini na moja. Wewe una mingapi?"

Watoto wanausoma kila asubuhi. Yule mtoto sasa haingilii langoni. Anazunguka nyuma, anapitia jikoni kwa wapishi. Siku moja mpishi alimuuliza, "Wewe umekuja kusoma au kumenya viazi?" Akajibu kwamba kumenya viazi hakuna kuunganisha.

Babu, nakuomba, na utani nimeuweka pembeni. Mwandikie Mwenyekiti. Huhitaji kuukana mwandiko wako. Mwambie tu kwamba mtoto anayejua majibu asirudishwe darasa kwa ajili ya mikia ya herufi. Mtu pekee anayemsikiliza ni wewe, na hivi sasa anadhani uko upande wake.

Chiriku ana shughuli nyingi. Ataandika.

Mjukuu wako


Chumbani, 2 Agosti

Mjukuu wangu,

Marahaba. Sitamwandikia Mwenyekiti.

Barua ile niliiandika kwako, haikuwa ya ubaoni. Nenda kamwambie aibandue. Usinitake sababu. Mtu akifika umri huu anaruhusiwa kuwa na jambo moja asiloulizwa.

Mtoto wa jirani ana mama yake, na amtetee mama yake. Kuhusu Chiriku, bado naisubiri ile mistari miwili. Au naye anapitia jikoni?

Babu yako


Ghorofa ya tatu, 3 Agosti

Dada nisiyekufahamu,

Ukifungua barua hii utasema ni ya babu yako, kwa sababu mwandiko ni ule ule. Si yake. Mimi ni jirani yake wa juu, mshonaji, nafanya kazi ya kupunguza suruali na kubadilisha zipu kwenye duka la nguo. Barua zote ulizopokea tangu mwaka jana nimeziandika mimi. Maneno ni yake, ananitajia, na mimi naandika.

Mwaka jana alipata kiharusi. Usishtuke, kilikuwa kidogo. Anatembea, anakula, ananigombeza kuhusu koma. Ila mkono wa kulia haukurudi. Akishika kalamu inaanguka. Alinikataza nisikwambie. Alisema, "Akijua atauza kitanda aje kunitazama, na kitanda chenyewe ni kimoja."

Utajiuliza nimeupata wapi mwandiko huu. Nilipofika hapa nilikuwa mtu mzima nisiyejua a wala be. Katika jengo zima ni mimi na yeye tu tunaoongea lugha moja, basi akanifundisha kuandika, mezani kwake, nikitoka kazini. Mwandiko wangu ni wake kwa sababu sikuwahi kuwa na mwingine.

Sasa barua iliyobandikwa langoni kwenu ni mkono wangu, Dada. Nina miaka thelathini na minne. Siku barua yako ya Julai ilipofika nilimsomea. Nilipofika kwenye wino mwekundu aliniomba nirudie, nikarudia. Kisha akasema, "Wanampiga mtoto kwa fimbo ambayo hata si yangu." Akakaa na jambo hilo wiki nzima. Akimwandikia Mwenyekiti kwa mkono wangu, ataongeza uongo juu ya uongo. Akiandika kwa mkono wake, utajua. Ndiyo maana akakataa, na jana akanitajia barua ile kavu. Nimeifunga kwenye bahasha, lakini usiku nimeona wewe utaisoma vibaya. Utafikiri ni ukali.

Mwandishi wa barua hatakiwi kufungua mdomo, najua. Nimefungua mara moja hii. Tafadhali usimwambie.

Jirani wa juu


Nyumbani, 19 Agosti

Babu yangu,

Shikamoo. Barua yako ya tarehe mbili nimeipokea. Sikuudhika nayo, nataka ujue hivyo kwanza.

Nilikudanganya. Hakuna mtoto wa jirani. Jirani yangu ni bwana mmoja mjane mwenye kasuku, hana mtoto. Aliyepewa sifuri ni Chiriku. Anayepitia jikoni ni Chiriku. Nimemwekea mistari, nimemkalia kila jioni kama ulivyoagiza, hadi jioni moja nikamshika mkono kwa nguvu nikitaka kuuendesha mwenyewe, akaniambia taratibu, "Mama, hiyo itakuwa barua yako." Nikamwachia.

Nilificha kwa sababu niliogopa kwamba utaniuliza damu yako imepotelea wapi. Najua ulivyovuka, na ulivuka na nini. Nilidhani nikikwambia kitukuu chako hawezi kuunganisha, nitakuwa nimekwambia kwamba hata hicho kimebaki mpakani.

Sikuombi tena umwandikie Mwenyekiti. Lakini ukitaka kutuandikia sisi, andika kwa namna yoyote. Hata mstari mmoja. Hata uwe umepinda. Humu ndani hakuna anayesahihisha.

Chiriku ameandika mwenyewe, nimeiambatanisha. Sijamsaidia.

Mjukuu wako


BABU MKUBWA. MIMI NI CHIRIKU. MAMA AMESEMA NINAWEZA KUANDIKA NINAVYOWEZA. NIKIUNGANISHA HERUFI ZINAPIGANA. NINAJUA MAJIBU YOTE ILA SWALI LA SITA. MWENYEKITI AMESEMA WEWE HUNYANYUI KALAMU MPAKA NENO LIISHE. JE NENO LIKIWA REFU UNAPUMUA? MAMA ANALIA JIKONI ANASEMA NI VITUNGUU. HATUJANUNUA VITUNGUU. SAMAHANI SIWEZI MISTARI MIWILI YA KUTUNDIKA. CHIRIKU.


9 Septemba

Chiriku.

Hii ni ya Babu. Mkono wa kushoto. Wa kulia uliugua mwaka jana, sasa umestaafu.

Zile barua nzuri aliandika jirani. Mimi nilitaja tu.

Naandika kama wewe. Moja moja. Nikijaribu kuunganisha, zinapigana. Umesema kweli. Sikujua zinapigana hivi.

Jana neno moja lilimaliza chai yangu yote. Ikapoa. Neno lenyewe ni jina lako.

Ndiyo, neno likiwa refu napumua. Zamani pia. Sikumwambia mtu.

Mistari yako nimeitundika. Iko juu ya meza. Inasomeka hadi mlangoni. Herufi zangu za zamani hazikusomeka hadi mlangoni.

Mwambie mama asiuze kitanda. Sijui kama jirani amesema kitu. Sitamuuliza.

Swali la sita lilisemaje?

Babu


15 Septemba

Kwa Mwenyekiti wa kamati ya shule,

Uliyekaa dawati la nyuma ukila chaki, ukidhani sioni.

Samahani kwa mwandiko huu. Nimeuandika kwa asubuhi kadhaa, kwa mkono wa kushoto. Wa kulia haufanyi kazi.

Barua uliyoibandika langoni iondoe. Maneno ni yangu. Mkono ni wa jirani yangu, mwanamke kijana mwenye macho mazuri. Niliona haya, nikanyamaza, na wewe ukawapima watoto kwa kitu kisichokuwepo. Haya hiyo ni yangu, si ya kwako wala yao.

Sasa shika karatasi hii. Ipime kwa kanuni yenu. Herufi hazishikani. Haisahihishwi. Nimepata sifuri, na ni mimi niliyekufundisha kusoma.

Unaniuliza moyoni: basi tuache kuufundisha? Hapana. Fundisheni. Kwanza wajue kuusoma, maana mtoto asiyeweza kusoma barua za bibi yake atahitaji mkalimani nyumbani kwao. Kisha wajaribu kuuandika, kama wanavyojaribu kuimba. Wote wanaimba, na hakuna anayerudia darasa kwa sauti mbaya. Ingekuwa hivyo wewe ungekuwa darasa la pili hadi leo.

Niliusifu mwandiko ule kwamba wazo linatembea nao. Ni kweli kwa anayeweza. Asubuhi hizi nimeona kwamba wazo linaweza pia kukaa pembeni likasubiri. Halikuondoka. Lina subira kuliko nilivyowahi kuwa nayo mimi.

Mmoja wa watoto mnaotaka kuwarudisha darasa ni kitukuu changu. Nimelisema mwishoni ili usidhani ndilo lililoniandikisha. Limeniandikisha, lakini hata asingekuwa wangu ningepaswa kuandika.

Mwalimu wako


Nyumbani, 30 Oktoba

Mume wangu mzee, sasa wa mkono mmoja,

Shikamoo. Chiriku amepanda darasa la tano. Nimeanza na hilo ili usisome barua nzima umekunja uso.

Sasa nikusimulie. Siku ya kikao ukumbi ulijaa, wengine tumekaa kwenye viti vya watoto magoti yakigusa videvu. Mwenyekiti aliingia na bahasha. Tulijiandaa kwa hotuba ya chati. Akasema, "Nimepata barua," akavaa miwani, akaanza. Alisoma polepole sana, Babu, kila herufi aliisubiri. Alipofika kwenye chaki akasita, nikajua anafikiria kuruka. Mzazi mmoja nyuma akasema, "Soma yote, Mwenyekiti." Akasoma yote. Hata ile ya darasa la pili. Watu walicheka hadi mlinzi akachungulia.

Alipomaliza alivua miwani. Alitoka nje. Tukadhani ameudhika. Kumbe ameenda langoni, akarudi na ile karatasi imebaki na pini moja pembeni, akamkabidhi mwalimu wa darasa la nne akisema, "Mrudishieni mwenyewe."

Usifikiri ilikwisha hapo. Walibishana. Mfamasia alisimama akasema yeye kama angekuwa na uwezo angewakataza madaktari wote kuunganisha herufi, maana kila siku anabashiri dawa kama mtabiri. Karani wa benki akauliza bila mwandiko watu wataweka sahihi gani, wachore ng'ombe? Fundi seremala akasema sahihi yake ni mstari na nukta na hajawahi kukosa kazi. Kisha mama mmoja mtu mzima, anayelea wajukuu, akasema kwamba mume wake alimwandikia barua kwa miaka akiwa safarini, ziko kwenye sanduku, na wajukuu wake wakizishika wanazigeuza juu chini. "Msinifundishie mtoto kuandika," akasema, "lakini nifundishieni kusoma, nisizikwe na maneno yale peke yangu." Nadhani yeye ndiye aliyekamilisha kazi uliyoianza.

Wameamua hivi. Kipindi cha mwandiko kinabaki, wote watajifunza kuusoma na kujaribu kuuandika. Mtihani utaandikwa kwa namna yoyote inayosomeka. Na karatasi za Juni zilizopewa sifuri zirudiwe kusahihishwa. Chiriku alikosa swali la sita tu. Lilikuwa linauliza kinyume cha neno "ficha." Alikuwa ameandika "chora."

Oktoba amefanya mtihani kama wenzake. Asubuhi ya mtihani aliingilia langoni. Mpishi akamkuta akamwambia, "Leo viazi nimemenya peke yangu, umenitupa." Wakacheka. Jioni hakunyamaza kuanzia shule hadi nyumbani, alinieleza hadi rangi ya soksi za msimamizi, na mimi niliyekuwa nikiomba mwaka mzima aongee nikajikuta namwambia, "Chiriku, ngoja nipumue." Nimelala usiku ule hadi jua limetoka. Kazini nikachelewa, na sikujali.

Kuhusu mkono wako sitakugombeza sana. Mwaka mzima, Babu. Nilikuwa nasifu mikia ya g ya mwanamke mwingine. Kitanda sijakiuza. Nimeomba likizo ya Januari, na nauli naweka kidogo kidogo, kwa hiyo usianze kunikataza. Tutakuja wote wawili. Utatutambua kwa kelele.

Msalimie jirani wa juu. Mwambie hakusema kitu.

Mkeo wa kujitolea,
Mjukuu wako


Chumbani, 20 Novemba, alasiri

Bi mdogo wangu,

Marahaba. Leo nataja na jirani anaandika, kwa sababu nina mengi na mkono wa kushoto bado ni mwanafunzi. Nimemwambia ajitambulishe kila akiongeza lake, tusirudie ya mwaka jana.

(Ni mimi, jirani. Hajambo. Amenyoa ndevu.)

Hilo la ndevu halikuhitajika. Barua yako nimesomewa, halafu nikaisoma mwenyewe. Nilipofika kwenye darasa la tano nimerudi juu nikaanza upya, kama mtu anayekula kitu kitamu akakirudisha sahanini. Mwambie Chiriku kwamba kwa swali la sita mimi ningempa nusu. Aliyechora kitu kwa kweli hajakificha.

Yule mama wa barua za sandukuni nisalimie. Nimemfikiria sana. Mimi pia niliacha sanduku la barua, na sijui nani anazigeuza juu chini sasa. Lakini leo sitaki kwenda huko. Leo nina raha, na nimesahau jinsi mtu anavyokaa nayo.

Fundi wa baiskeli alinipungia mkono asubuhi, nikampungia wa kushoto. Kwa mwaka mzima nilikuwa namjibu kwa kichwa ili asione. Akasema kwa lugha yake kitu ambacho nadhani ni "habari za kupona." Huenda alinitukana. Nimeshukuru vyote viwili.

(Jirani tena. Ni habari za kupona. Nilikuwa mlangoni.)

Januari njooni. Chumba ni kidogo, jirani anasema nyinyi mtalala kwake na mimi nitakuja kugonga mlango asubuhi nikiulizia chai. Chiriku alete kalamu zake. Nataka tukae meza moja, tuandike mmoja huku na mwingine huku, tuone nani anamaliza mstari kwanza. Nina wasiwasi atanishinda. Nataka pia kumwambia kwamba

(Dada, ni mimi jirani. Nilisubiri neno linalofuata kalamu ikiwa hewani, nikafikiri anatafuta maneno. Nilipoinua macho nikakuta amesinzia kwenye kiti. Anakoroma kwa raha, kichwa kimeegemea dirisha. Mkono wa kulia ameuacha wazi juu ya meza, kwenye jua, mahali ambapo kila apitaye mlangoni anauona. Tangu kiharusi sijamwona akilala mchana. Sitamwamsha kwa ajili ya sentensi. Posta wanafunga muda si mrefu, napeleka barua ilivyo.)